Vipele Baada ya Kuanza Dawa ya Kifafa: La Kufanya, Hatua kwa Hatua

Anayefanya kazi kwenye dirisha la dawa hulisikia swali hili mpaka likamkaa kichwani: "Nimeanza dawa mpya ya kifafa, hii wiki ya tatu, nimetokwa na vipele mwili mzima. Niache au niendelee?" Leo anauliza kijana, kesho mama aliyembeba mwanawe, kesho kutwa mzee ambaye hana hata kifafa, kapewa dawa hiyohiyo kwa ajili ya maumivu ya mshipa wa uso. Wote wanataka neno moja tu. Shida ni kwamba kila neno moja lina hatari yake. Ukisema "acha" kiholela, kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu na kisikatike. Ukisema "endelea, vitaisha vyenyewe," yupo mmojammoja atakayebabuka ngozi kama aliyemwagiwa maji ya moto. Kwa hiyo hapa nakupa jibu refu.

Kama sasa hivi una vipele pamoja na homa, au macho yanaungua, au mdomo una vidonda, au ngozi inauma na kutoa malengelenge, au uso umevimba, ruka moja kwa moja hadi hatua ya 5. Mengine utayasoma baadaye.

Machache ya kujua kwanza

Vipele vingi vinavyoletwa na dawa za kifafa ni vya kawaida na hupona. Kwa lamotrijini, kwa mfano, karibu mtu 1 kati ya 10 hupata vipele vya aina fulani, na wanaopata vikali ni wachache mno kuliko hao. Lakini hao wachache ndio ninaowaandikia, maana siku ya kwanza vipele vyao hufanana na vya wengine wote.

Mzio mkali huja kwa sura mbili kubwa. Ya kwanza ni ngozi kufa na kubabuka, pamoja na utando laini wa macho, mdomo na sehemu za siri. Huitwa ugonjwa wa Stevens-Johnson, kwa majina ya madaktari wawili wa Marekani walioueleza mwaka 1922. Ngozi iliyobabuka ikiwa chini ya asilimia 10 ya mwili, jina ni hilo. Ikipita asilimia 30, madaktari huuita TEN, na hapo karibu mgonjwa 1 kati ya 3 hufariki. Mara nyingi huanza kati ya siku ya 4 na ya 28 tangu dawa ianzwe.

Sura ya pili huitwa DRESS: vipele, homa kali, uso kuvimba, mitoki, na huko ndani ini, figo, mapafu au moyo kushambuliwa. Hii huchelewa, kwa kawaida kati ya wiki ya 2 na ya 8, na ndiyo maana watu husema, "Siyo dawa hii, mbona nimeitumia mwezi mzima?" Ipo pia ya ghafla, ambapo ulimi huvimba na pumzi kubana ndani ya dakika au saa chache. Kwa dawa hizi ni nadra, ila ikija haingoji.

Dawa zinazoongoza kwa mzio huu ni karbamazepini (Tegretol), fenitoini (Dilantin, Epanutin), fenobabitali, lamotrijini (Lamictal) na okskarbazepini (Trileptal). Zinafanana umbo la kikemia, na kufanana huko kutakuhusu sana ukifika hatua ya 9. Valproeti (Epilim), levetirasetamu (Keppra), topirameti na gabapentini husumbua ngozi mara chache zaidi. Mara chache, siyo kamwe: Novemba 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba levetirasetamu na klobazamu nazo zinaweza kuleta DRESS.

Andaa hivi kabla ya kuanza dawa

- Kipimajoto kinachofanya kazi. Kupima homa kwa kiganja hakutoshi hapa.
- Kalenda. Zungushia siku ya kidonge cha kwanza, kisha hesabu wiki nane mbele na uzungushie tena. Katikati hapo ndipo pa kuwa macho.
- Boksi la dawa na karatasi ya maelezo iliyomo ndani. Usitupe boksi hata vidonge vikiisha.
- Simu yenye kamera, na kalamu ya wino wa kuandikia kwenye ngozi.
- Namba ya simu ya kliniki yako, na jina la hospitali iliyo karibu yenye huduma ya dharura usiku.
- Orodha ya kila kitu kingine unachomeza: vidonge vya maumivu, antibiotiki, vitamini, dawa za mitishamba. Vyote.
- Mtu mmoja nyumbani anayejua kwamba umeanza dawa mpya, na anayeweza kukutazama mgongo.

Hatua ya 1: Sema historia yako kabla ya kidonge cha kwanza

Mwambie daktari kama umewahi kutokwa na vipele kwa dawa yoyote ya kifafa, hata kama vilikuwa vidogo na ni miaka mingi iliyopita. Mwambie pia kama mzazi, ndugu wa tumbo moja au mtoto wako aliwahi kupata mzio mkali wa dawa hizi. Taja ugonjwa wa ini kama unao, na taja kama unaishi na VVU, kwa sababu virusi hivyo huongeza hatari ya ngozi kubabuka kwa dawa mbalimbali.

Asili ya ukoo nayo ina uzito. Mwaka 2004 watafiti wa Taiwan waligundua kwamba wagonjwa waliobabuka ngozi kwa karbamazepini walikuwa na alama moja ya jeni, HLA-B*15:02. Hupatikana zaidi kwa watu wenye asili ya China, Thailand, Malaysia, Indonesia, Ufilipino na Vietnam. Tangu 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani inashauri watu wa asili hizo wapimwe damu kabla ya kupewa dawa hiyo. Ukiwa miongoni mwao, omba kipimo. Majibu yakitoka huna alama hiyo, furahi, ila hatua ya 3 bado inakuhusu, kwa sababu zipo alama nyingine na wapo waliopata mzio bila alama yoyote inayojulikana.

*Kosa la kawaida:* kuanza dawa mbili mpya wiki moja. Vipele vikitoka hutajua umlaumu nani, na unaweza kuishia kunyimwa dawa nzuri isiyo na hatia. Kama dawa ya pili inaweza kusubiri, muulize daktari kama unaweza kuisogeza mbele.

Hatua ya 2: Panda dozi polepole kama ulivyoandikiwa

Hili ni la kila dawa, lakini kwa lamotrijini ndilo linalobeba kila kitu. Mtu mzima anayeitumia peke yake kwa kawaida huanza na miligramu 25 kwa siku kwa wiki mbili, kisha 50 kwa wiki mbili nyingine. Akiwa anatumia na valproeti huanza na miligramu 25 siku moja ndiyo siku moja hapana, kwa sababu valproeti huifanya lamotrijini ijae kwenye damu karibu maradufu. Ratiba yako ni ile iliyo kwenye karatasi yako. Nimezitaja namba hizi ili ukipewa kitu kilicho mbali nazo uulize kabla ya kumeza.

*Kosa la kawaida:* kuruka ngazi kwa sababu "kifafa hakijatulia." Kosa lingine ni kukaa siku kadhaa bila lamotrijini, labda umesafiri bila dawa, kisha kurudia dozi kubwa uliyoishia. Ukikosa siku tano mfululizo au zaidi, usijirudishie mwenyewe. Piga simu, huenda ukaanzishwa upya kutoka chini. Ukiwa unatumia pia karbamazepini, fenitoini au fenobabitali, siku hizo ni chache zaidi, kwa sababu dawa hizo huiondoa lamotrijini mwilini haraka.

Hatua ya 3: Jikague kila siku kwa wiki nane

Dakika tatu zinatosha, wakati wa kuoga, penye mwanga wa kutosha. Fuata mpangilio mmoja ili usisahau: macho, midomo, ndani ya mashavu na chini ya ulimi, shingo na kwapa (papasa mitoki), kifua, mgongo, viganja, nyayo, sehemu za siri. Jioni pima joto ukijisikia tofauti kidogo tu.

Picha nyingi za vipele utakazokutana nazo ni za ngozi nyeupe, ambako kila kitu ni chekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo haupo. Kipele huonekana cha zambarau, kahawia iliyokolea au kijivu, na mwanzoni hujulikana kwa mkono kabla ya jicho: pitisha kiganja kifuani na utasikia ukwaruzi na joto palipokuwa laini jana. Viganja, nyayo, utando wa ndani wa midomo na weupe wa macho havifichi, kwa hiyo anzia hapo kila unapotilia shaka. Alama ya kutazama zaidi ni doa lenye kitovu cheusi na duara hafifu pembeni. Likandamize kwa glasi inayopitisha mwanga. Likibaki na rangi yake bila kufifia, hilo si joto la mwili wala mbu.

Kwa mtoto asiyejua kueleza, tazama matendo. Anakataa kunywa maji ilhali ana kiu. Analia akikojoa. Anageuza uso kukwepa mwanga. Hataki kubebwa kwa sababu kuguswa kunamuuma. Mara nyingi wazazi huanza kuangalia meno, au husema midomo imekauka tu na kuipaka mafuta, na siku mbili zinapita.

Jambo lingine linalopotosha: ngozi inaweza kuwa ya mwisho kuonyesha. Siku moja hadi tatu kabla ya vipele vya Stevens-Johnson, mtu huhisi mafua: homa, koo kuuma, macho kuwasha, uchovu. Mafua katika wiki nane za kwanza yaandike kwenye kalenda na usiyachukulie kuwa mafua tu mpaka yaishe.

Hatua ya 4: Kipele kimetoka. Jiulize maswali haya

Kabla ya kupaka chochote, piga picha penye mwanga wa mchana, na chora mstari wa kalamu kuzunguka ukingo wa eneo moja lenye vipele. Saa sita baadaye mstari huo utakuambia kama vinasambaa, bila kubishana na kumbukumbu. Kisha jibu:

1. Joto limefika 38 au zaidi?
2. Macho ni mekundu, yanaungua au yanatoa usaha?
3. Kuna vidonda au maganda mdomoni, midomoni, puani au sehemu za siri?
4. Ngozi inauma ukiigusa? Kuwasha ni jambo moja, kuuma ni jingine, na kuuma ndiko kunakotisha.
5. Kuna malengelenge, au ngozi inateleza na kuchunika ukiisugua kidogo?
6. Uso umevimba, hasa kuzunguka macho na masikio, au kuna mitoki shingoni?
7. Macho yamekuwa ya njano, mkojo umekuwa wa rangi ya chai, au tumbo linauma upande wa kulia juu?
8. Pumzi inabana, sauti imebadilika, ulimi au midomo imevimba?
9. Vipele vimeenea zaidi ya nusu ya mwili, au vinasambaa ukitazama?

"Ndiyo" moja tu inatosha: nenda hatua ya 5. Zote zikiwa "hapana," nenda hatua ya 7.

Hatua ya 5: Kuna dalili ya hatari. Usimeze dozi nyingine ya dawa hiyo, na nenda hospitali sasa hivi

Mambo haya mawili huenda pamoja. Kuacha dawa na kubaki nyumbani ni hatari ya kifafa. Kuendelea na dawa ukisubiri miadi ya wiki ijayo ni hatari ya ngozi na ini. Unaisitisha dawa inayoshukiwa, yaani ile mpya, na unakwenda mahali ambapo watakupa kinga nyingine dhidi ya kifafa. Dawa zako za zamani, kama zipo, usiziache zenyewe.

Kila siku ya ziada ya dawa inayosababisha mzio hupunguza nafasi ya kupona vizuri. Usingoje asubuhi, usingoje mwenye gari arudi. Dalili ikiwa ni ya namba 8, ita gari la wagonjwa.

*Kosa la kawaida:* kumeza kidonge cha mzio kama setirizini ili uendelee na dawa ya kifafa. Kinaweza kupunguza kuwasha, lakini hakizuii ngozi kubabuka wala ini kuumia. Kinachofanya ni kukuongopea kwamba unapata nafuu. Vivyo hivyo vidonge vya steroidi (kama prednisoloni) ulivyobakiza nyumbani. Steroidi zina kazi yake katika DRESS, ila daktari ndiye huzianza baada ya vipimo, na huzipunguza kidogokidogo kwa wiki nyingi.

Hatua ya 6: Njiani

Usipasue malengelenge. Usibandike plasta wala bandeji yenye gundi, kwa sababu ukiibandua itatoka na ngozi. Funika sehemu zilizochunika kwa kitambaa safi kisichonata na umfunike mgonjwa asipate baridi. Ngozi iliyobabuka hupoteza joto na maji haraka. Usipake majani, dawa ya meno, asali, mafuta wala krimu. Kama anaweza kumeza, mpe maji kidogokidogo. Beba boksi la dawa, kalenda, orodha ya dawa nyingine, na simu yenye picha za siku ya kwanza.

Akishikwa na kifafa njiani, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu yake, usimtie kitu mdomoni, na tazama saa. Kikipita dakika tano ni dharura juu ya dharura.

Hatua ya 7: Hakuna dalili ya hatari. Piga simu siku hiyohiyo

Siku hiyohiyo, kabla ya dozi inayofuata. Mweleze daktari au mfamasia: jina la dawa, siku uliyoanza, dozi ya sasa, vipele vilipoanzia, na majibu yako ya maswali tisa. Yeye ndiye aamue kama unashusha dozi, unabadilisha dawa au unaendelea ukiangaliwa. Kwa lamotrijini, madaktari wengi huisitisha kwa kipele chochote ambacho hakina maelezo mengine ya wazi. Dawa nyingine hupewa nafasi zaidi.

Wakati unasubiri jibu, rudia maswali ya hatua ya 4 kila baada ya saa chache, na pia ukiamka usiku. Jibu likigeuka, usipige simu tena, nenda.

Hatua ya 8: Ukifika hospitali, anza na sentensi moja

Watu hueleza homa kwanza, kisha koo, kisha vipele, na dawa wanaitaja mwisho wakiwa mlangoni. Hapo tayari wameandikiwa antibiotiki ya koo. Sema hivi: "Nilianza dawa ya kifafa inayoitwa fulani tarehe fulani, sasa nina vipele na homa, nahofia ni mzio wa dawa." Halafu toa boksi.

Mambo ya kuuliza, ukiwa na nguvu au ukiwa na mtu wa kukusemea:

- Nitapimwa damu kamili, ini na figo? Katika DRESS, seli za damu ziitwazo eosinofili hupanda na vipimo vya ini huvurugika hata kama mtu hajawa na macho ya njano.
- Macho yataonwa na daktari wa macho leo au kesho? Katika Stevens-Johnson macho huweza kupata makovu ya kudumu wakati kila mtu anashughulikia ngozi. Swali hili liulize hata kama macho yanaonekana mekundu tu.
- Nitapewa nini badala yake ili kifafa kisirudi?
- Ngozi ikizidi kubabuka, nitahamishiwa wapi? Wagonjwa wa namna hii hutunzwa vizuri zaidi kwenye wodi ya waliounguzwa na moto au ya wagonjwa mahututi.

Hatua ya 9: Dawa mbadala

Hapa ndipo kufanana kwa maumbo kunapouma. Aliyepata mzio mkali kwa karbamazepini, fenitoini au fenobabitali ana uwezekano mkubwa wa kuupata tena kwa mwenzake wa kundi hilo. Makadirio yanayotajwa ni kati ya asilimia 40 na 80. Kumtoa mtu kwenye fenitoini na kumtia kwenye fenobabitali ni kumzungusha palepale. Ukiona jina la mbadala ni mojawapo ya dawa tano nilizozitaja mwanzoni, uliza kwa upole: "Hii haifanani na ile?"

Mara nyingi hutumika levetirasetamu, au klobazamu kwa muda. Valproeti ina masharti mawili. Ini likiwa limeumia kwa DRESS, huepukwa mpaka lipone. Na kwa msichana au mwanamke anayeweza kushika mimba ni lazima mazungumzo yafanyike kwanza: kati ya watoto 10 waliokuwa tumboni wakati mama anaitumia, karibu 1 huzaliwa na kasoro ya viungo, na 3 hadi 4 hupata matatizo ya ukuaji wa akili. Kama wewe ni mjamzito tayari, liseme hilo kabla ya jina lako.

Hatua ya 10: Baada ya kuruhusiwa

DRESS ina tabia ya kurudi: homa na vipele huibuka upya steroidi zinapopunguzwa, hata kama hukumeza tena dawa mbaya. Usikatishe steroidi kwa kuwa umependeza kwenye kioo. Nenda kwenye vipimo vya ini kwa tarehe ulizopewa, na omba tezi ya shingoni (thairoidi) ipimwe baada ya miezi miwili au mitatu na tena ndani ya mwaka, kwa sababu huweza kuvurugika wakati umeshasahau kila kitu. Kiu isiyokwisha na kukojoa sana navyo viripoti, maana wachache hupata kisukari baadaye.

Waliobabuka ngozi wasubiri madoa kwa miezi mingi, kucha kubadilika au kung'oka, na macho makavu. Macho makavu yanatibika yakianzwa mapema, usiyazoee.

Hatua ya 11: Jina la dawa litembee nawe

Kusema "nina aleji ya dawa za kifafa" hakumsaidii daktari, maana humnyima kila kitu. Andika jina halisi la dawa, si la kibiashara tu, tarehe, kilichotokea na hospitali iliyothibitisha. Omba barua yenye saini. Weka nakala kwenye pochi, picha kwenye simu, na moja kwa mwenzi au ndugu. Mwenye kifafa hubebwa akiwa hana fahamu, na fenitoini ya sindano ni miongoni mwa dawa za kwanza kuchomwa kwenye chumba cha dharura. Bangili au mkufu wenye jina la dawa una maana kwa sababu hiyo.

Dawa moja huuzwa kwa majina mengi ya kibiashara. Aliyeandika "Tegretol" tu anaweza kupewa karbamazepini ya kampuni nyingine, boksi jingine, rangi nyingine, na akaimeza kwa amani. Safari hii mzio hausubiri wiki tatu. Huja ndani ya saa au siku chache na huwa mkali zaidi. Tena karbamazepini na lamotrijini huandikwa pia kwa matatizo ya hisia, na karbamazepini kwa maumivu ya mshipa wa uso, kwa hiyo onyesha karatasi yako hata kwa daktari wa meno na wa afya ya akili.

Yakikwama

*Nimeacha dawa siku tatu zilizopita na vipele vinaongezeka.* Hutokea. Fenobabitali, kwa mfano, huchukua siku nyingi kutoka mwilini, na mzio ulioanza huendelea na mwendo wake. Hilo si ushahidi kwamba dawa haihusiki. Rudi uonwe.

*Wameniambia ni surua.* Inawezekana, zinafanana kweli. Uliza: "Dawa niliyoanza wiki tatu zilizopita imefikiriwa?" Mpaka lijibiwe, usitoke na kidonge kingine cha dawa hiyo mkononi.

*Mtandao wa simu haupo, kliniki imefungwa, nina vipele vinavyowasha tu.* Nenda kituo chochote chenye daktari wa zamu, hata kama si wa kifafa. Anaweza kuangalia mdomo, macho na joto, na kuamua kuhusu dozi ya usiku.

*Vipele vimeisha. Nijaribu kidonge kimoja nione?* Hapana. Kama ulikuwa na dalili yoyote kati ya zile tisa, jaribio hilo halifanyiki nyumbani wala popote. Kwa vipele vyepesi, wapo madaktari wanaorudisha dawa kwa dozi ndogo sana na ratiba ya polepole. Hiyo ni kazi yao.

*Nimetumia karbamazepini miaka sita bila shida, leo nina vipele.* Mzio mkali unaoanza baada ya miezi mingi ni nadra. Tafuta kilicho kipya: antibiotiki kama kotrimoksazoli (Septrin), au dawa ya gauti iitwayo alopurinoli. Hizo nazo hubabua ngozi. Usiache karbamazepini kwa kubahatisha, lakini maswali tisa ni yaleyale na safari ya hospitali ni ileile.

*Ndugu yangu alibabuka kwa fenitoini, na mimi nimeandikiwa karbamazepini.* Usimeze kwanza. Rudi kwa aliyekuandikia, mpe jina la dawa na kilichompata ndugu yako, umwombe afikirie dawa ya nje ya kundi hilo. Akiona bado karbamazepini ndiyo inayokufaa, kubaliana naye tarehe ya kupimwa ini na damu ndani ya mwezi wa kwanza, na mtu wa kumpigia simu usiku.